Mashine ya Mwaka Ujao

Gladwell Nyaruai alikuwa mpiga video wa harusi, na katika mji wa Kitale hakuna aliyebisha kwamba yeye ndiye bora. Wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri kulima mahindi, lakini binti yao shamba lilimshinda mapema. Alijifunza kamera kutoka kwa mmishonari mmoja wa kanisa lao, na mmishonari huyo aliporudi kwao alimwachia kompyuta yake, Mac ya kijivu iliyokuwa na kelele kama kinu. Kwa mashine hiyo Gladwell alihariri harusi kwa miaka mitatu. Alikuwa mtu wa kurudia kazi. Wimbo ukichelewa kidogo nyuma ya hatua za bibi harusi, alirudi mwanzo. Wateja walinung'unika kwa kusubiri, kisha wakiona kazi wananyamaza.

Mwenzake kazini alikuwa Hillary Mukhisa, kijana wa Bungoma mwenye mdomo mwepesi. Hillary ndiye aliyetafuta wateja na kushika kamera ya pili. Harusi ikiwa kanisani, Gladwell alisimama mbele karibu na madhabahu, Hillary nyuma karibu na mlango.

Mwezi wa Juni mwaka 2005, Gladwell alikuwa saiba, kwenye duka la intaneti, akisoma barua pepe zake alipoiona habari. Kampuni inayotengeneza Mac ilikuwa imetangaza kwamba inaacha prosesa zake za zamani, ule ubongo unaoendesha mashine, na kwamba kuanzia mwaka unaofuata itatumia za kampuni nyingine, Intel. Aliisoma mara mbili. Alirudi studio karibu akikimbia.

"Hillary, wanabadilisha kila kitu! Kazi ya wiki nzima tutakuwa tunaimaliza asubuhi moja."

"Lini?"

"Mwaka ujao. Katikati."

"Aa, mwaka ujao." Hillary alikuwa akifuta lenzi kwa fulana. "Si basi tuendelee na hii kwanza, bana."

Lakini Gladwell hakuwa tena na moyo wa hiyo. Kila jioni alipita saiba kusoma yale watu wa mbali waliyokuwa wakibishana: itakuwa na kasi gani, programu zipi zitakubali. Kule ndiko alikosoma kwamba mashine za zamani hazitakuwa na mnunuzi zikitoka mpya. Mwezi wa Julai akaiuza ile ya mmishonari kwa chuo kimoja cha ushonaji huko Moi's Bridge, ambako walitaka kompyuta yoyote ile mradi inawaka. Hillary alirudi kutoka kununua kanda akaikuta meza tupu.

"Sasa tutahariri na nini? Na mdomo?"

"Tutapiga, tutaweka kanda. Mashine ikija tunazimaliza zote kwa mkupuo."

Ndivyo mambo yalivyokuwa walipoitwa Kanduyi mwezi wa Agosti kupiga harusi ya Nasimiyu, mwalimu wa nasari. Alilelewa na baba peke yake, Mzee Wabwile, mkulima wa tumbaku wa Malakisi. Miezi michache kabla ya harusi mzee alipigwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili ukafa na mdomo ukapinda, na daktari akasema asibebwe garini. Nasimiyu alitaka kuahirisha. Baba yake ndiye aliyekataa.

Asubuhi ya harusi, akiwa tayari amevalishwa gauni nyumbani kwa shangazi yake, Nasimiyu alimvuta Gladwell kando.

"Dada, hii video si yangu. Ni ya baba. Nataka anione."

"Atakuona," Gladwell alisema. "Nitakutengenezea kitu ambacho hakijawahi kuonekana Bungoma."

Alisema hivyo kwa moyo safi. Siku hiyo alipiga kama hajawahi kupiga. Nasimiyu alipokuwa akila kiapo alitazama pembeni kidogo, pale ambapo baba yake angeketi, na machozi yakamtoka bila uso kukunjamana. Kamera ya Gladwell ililipata hilo lote. Kutoka alipokuwa Hillary, kilichoonekana ni mgongo wa gauni na visogo vya wageni.

Kanda zikawekwa kabatini.

Mwezi wa Septemba Nasimiyu alipiga simu kwa upole. Oktoba akapiga tena. Gladwell alimweleza habari za prosesa, na Nasimiyu, ambaye hakuelewa nusu yake, alikubali kwa sababu sauti ya Gladwell ilikuwa na uhakika. Mwezi wa Desemba hakukuwa na upole tena.

"Baba amelazwa mara mbili. Nipe hizo kanda nitafute mtu mwingine."

"Mtu mwingine ataziharibu. Nasimiyu, umengoja mpaka hapa."

Mwezi huo huo Hillary alichoka. Wateja wawili walikuwa wamemfokea sokoni mbele za watu. Alipata kompyuta ya kawaida, akaipakia programu iliyonakiliwa, akafungua duka Bungoma. Kabla ya kuondoka aliomba kanda za mbele za Kanduyi.

"Nimtengenezee tu yule mzee, Gladi. Kitu kidogo."

"Uiwekee mioyo inayoruka na maua ya plastiki? Hapana."

"Mzee hajali maua."

"Mimi najali."

Hillary akaondoka na kanda zake za mlangoni.

Januari, Gladwell alisoma kwamba mashine zilikuwa zimetoka mapema kuliko ilivyoahidiwa. Alipiga kelele pale saiba hadi watu wakageuka. Binamu yake Ngige, aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alikuwa anakuja nyumbani Pasaka, na Gladwell akatuma kila alichokuwa nacho ili Ngige amletee moja. Alimpigia Nasimiyu mwenyewe safari hii. "Pasaka," alimwambia. "Pasaka haipiti." Nasimiyu alikata simu.

Pasaka haikupita. Ngige alifika na boksi jeupe akaliweka mezani studio, na Gladwell akalifungua polepole kama anayemvua mtoto nguo. Mashine iliwaka kabla hajakaa vizuri kwenye kiti. Aliingiza diski ya programu yake ya kuhariri, ile ile aliyoachiwa na mmishonari. Mashine ikaikataa. Akajaribu tena. Ikakataa. Ngige akasoma yale maandishi kwenye skrini.

"Hii programu imeandikiwa zile za zamani. Kuna toleo jipya limetoka juzijuzi, lakini unatuma diski zako kwao ndio wakupe."

"Inachukua muda gani?"

"Kutoka hapa? Sijui. Miezi. Lakini si hii mashine imekuja na programu yake ya video? Iko hapa ndani, angalia."

Gladwell alikuwa anaijua hiyo programu. Alikuwa ameisoma na kuidharau. "Hiyo ni ya watoto wakikata keki ya siku ya kuzaliwa," alisema. "Nipelekee diski."

Ngige aliporudi Marekani akazibeba diski. Gladwell akaanza kungoja upya, sasa mbele ya mashine mpya iliyofunikwa kitambaa.

Mwezi wa Mei Nasimiyu alimpigia. Hakufoka. Alisema Hillary ametengeneza video kwa kanda zake na wanampelekea mzee Jumamosi. "Na wewe uje. Baba ameniuliza kwa nini imechukua karibu mwaka. Uje umwambie mwenyewe."

Gladwell alienda. Malakisi majani ya tumbaku yalikuwa mashambani, mapana, yamenyeshewa. Hillary alikuwa amebeba televisheni na jenereta. Mzee Wabwile alikalishwa kitini kwa mito, shuka magotini, amenyolewa ndevu kwa ajili ya siku hiyo. Nasimiyu aliketi sakafuni karibu na miguu yake.

Video ikaanza. Maua yaliruka kweli. Jina la Nasimiyu lilizunguka katikati ya moyo mwekundu. Mzee alitazama watu wakiingia kanisani, akawataja kwa shida aliowatambua, na mara moja akacheka shemeji yake alipojikwaa mlangoni. Kisha Nasimiyu akaingia, na gauni likafunika skrini nzima, likaenda mbele, likiwa dogo na dogo zaidi. Kiapo kilisikika kwa mbali kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Mgongo. Shela. Visogo.

Mzee aliinua ule mkono wake mzima.

"Uso," alisema. "Uso iko wapi?"

Hillary alijifanya anarekebisha waya. Wengine wote walimtazama Gladwell, na mzee akafuata macho yao mpaka akamfikia.

"Wewe ndio ulikuwa mbele?"

"Ndiyo, mzee. Ninao uso wake. Upo wote." Gladwell alijisikia akiongeza, kama alivyozoea, "Nitakuletea mwezi ujao."

"Mwezi ujao," mzee alirudia. Hakuwa na hasira. Alirudi kutazama televisheni, na mkono wake ukabaki hewani kidogo kabla ya kushuka.

Gladwell alipofika Kitale aliondoa kitambaa, akafungua ile programu ya watoto. Alianza kuingiza kanda. Mashine ilifanya yote yaliyosemwa juu yake. Alikata, akaunganisha, akaweka sauti, wala hakungojeshwa hata mara moja. Jumanne, kabla ya chai ya saa kumi, harusi ilikuwa imekamilika. Alikaa akiitazama, na kilichomuuma ni wepesi wake.

Angeweza kuondoka Jumatano asubuhi. Lakini aliona rangi ya shela imeegemea bluu, na mahali fulani kwaya iliruka. Akarudi mwanzo. Akarekebisha Jumatano, akarekebisha Alhamisi. Ijumaa alipanda gari na diski mkobani, na alipokaribia boma la Mzee Wabwile akaona turubai limefungwa uani na wanawake wanakoka moto wa sufuria kubwa. Mzee alikuwa amefariki jana yake, mchana, akiwa amelala.

Nasimiyu alimkuta amesimama langoni.

"Nimeleta," Gladwell alisema.

"Inaonyesha uso?"

"Wote."

Nasimiyu aliipokea ile diski, akaitazama upande unaong'aa. "Mimi uso wangu naujua," alisema, akamrudishia. Halafu akaitwa na shangazi yake jikoni, akaenda.

Mwaka huo Gladwell aliwarudia wateja wote wa kanda za kabatini, mmoja mmoja. Wengine walipokea, wengine walikuwa tayari wametengana, mmoja alimfungia mlango. Harusi hazikumrudia. Zilienda kwa Hillary, ambaye hakuwahi kumsema vibaya na hata alimletea kazi alizokosa nafasi nazo, nyingi zikiwa za mazishi. Gladwell alizichukua. Alizihariri kwenye ile mashine mpya na kuzipeleka ndani ya wiki, rangi ikiwa imeegemea popote ilipotaka kuegemea.

Diski zake zilirudi kutoka Marekani mwezi wa Septemba, toleo jipya, ndani ya bahasha yenye sponji. Aliiweka programu ile kwenye mashine. Ilifanya kazi vizuri sana.