Fuko, Marando ya Mama na Jirani Yangu

Mama yangu alirudi Rwanda kutoka Karagwe akiwa na marando ya viazi vitamu ndani ya kanga iliyolowa. Wenzake walirudi na magodoro na masufuria, yeye alibeba mashina ya kupandia, na kila tulipohama nyumba aliyakata upya akahama nayo. Mwisho tukafika hapa Kibagabaga, akayapanda nyuma ya nyumba yangu, kwenye mteremko. Viazi vyake ni vyekundu kwa nje, ndani vina rangi ya kiini cha yai, na sokoni sijawahi kuviona. Alipofariki, ndugu zangu wote walikuwa wamepanga vyumba visivyo na hata kiganja cha ardhi. Matuta yakabaki kwangu.

Kwa hiyo fuko walipoingia uani sikuwaona kama wadudu wa bustani. Niliona wanamla mama. Asubuhi unakuta vifusi vya udongo mbichi vimejipanga kwenye mteremko. Ukivuta shina linakuja jepesi mkononi, chini hamna kitu. Fuko ana ufidhuli wake: anakula kiazi kutoka chini na kukuachia majani mabichi, ili uendelee kumwagilia maji kama mjinga.

Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa jirani yangu. Kati yetu hakuna ukuta wa matofali, kuna uzio wa miti ya miyenzi tu, mnene, wenye upenyo mmoja unaotokea jikoni kwake. Sahani zetu zilipita hapo. Yeye ni fundi cherehani, mzaliwa wa Nyamirambo, na Kiswahili chake ni cha huko. Mama alipougua, mimi nikiwa kazini Kimihurura, yeye ndiye aliyepita kwenye ule upenyo kumnywesha uji. Baada ya msiba nilimkatia marando akapande kwake, na sikumpa mtu mwingine.

"Ifuku?" alisema, akashika shavu. "Pole, dada. Hata kwangu iko. Iyo kitu iko mubaya sana."

Akanipa dawa. Nimwage maji ya dagaa kwenye mashimo, eti fuko hawapendi harufu. Nikaosha dagaa mpaka nyumba ikanuka na paka wa mtaa mzima wakahamia kwangu. Akaniambia nifukie chupa tupu, midomo juu, upepo ukipita zilie na kuwatisha. Nikafukia chupa mpaka uani kukawa kama baa baada ya harusi, na fuko wakachimba kando yake bila wasiwasi. Nikaamua kutega kama mama alivyonifundisha: fimbo unaipinda, unafunga kamba, kitanzi unakiweka ndani ya njia yao. Jirani alikuja kunishikia fimbo nikifunga. Tulimnasa mmoja, tukapigiana makofi ya furaha. Wiki iliyofuata vifusi viliongezeka.

Nilimwuliza pia kuhusu mmea ambao mama aliupanda mpakani mwa shamba kule Karagwe kuzuia fuko. Sisi tuliuita utupa, hapa ni umuruku. Alifikiri kidogo, akasema ulikuwepo zamani, siku hizi hauko. Nikamwamini. Na kila asubuhi akielekea kwenye cherehani yake alisimama kwenye miyenzi akauliza, "Dada, imekula tena?" Nikimjibu ndiyo, alisema pole, na ile pole ilinituliza mpaka jioni.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, watu wa kichochoro chetu tulikuwa tunazibua mtaro wa barabarani. Mvua ikatushukia ghafla, kila mtu akakimbilia paa la karibu. Mimi nilikimbilia kwa jirani, nikazunguka nyuma ya nyumba yake kuosha jembe kwenye tangi la maji. Huko nyuma sikuwa na desturi ya kufika.

Nikauona umuruku. Ulikuwa umepandwa mstari ulionyooka, wote ukifuata uzio wetu, kutoka barabarani hadi chini ya mteremko, umefika kiunoni na umeshaweka maganda ya mbegu. Haukuwa umepandwa jana. Nyuma yake yalikuwa marando ya mama, mazito, yamefunika ardhi yote, bila kifusi hata kimoja.

Jirani alinifuata na taulo. Aliona ninachokitazama, akasimama.

"Uliniambia hauko," nilisema.

Hakukana. "Dada, ifuku lazima iende fasi moja, kwangu ama kwako. Kama na wewe unapanda, itarudi kwangu."

Aliyasema kwa upole, kama anavyomweleza mteja kwamba kitambaa hakitoshi. Angenitukana ningejua la kufanya, mdomo ninao. Lakini nilikuwa nazikumbuka zile asubuhi zote. Kumbe alipouliza kama wamekula tena alikuwa anahakikisha bado wako kwangu.

"Na haya ni ya nani?" nilimwuliza, nikionyesha matuta.

"Ya mama," alisema. Ndivyo alivyomwita siku zote, mama, kama wake.

Upande wangu kulikuwa kumebaki vikonyo vikavu. Marando ya mama yangu, duniani kote, yalikuwa pale miguuni pake, na ilibidi niombe. "Nikatie," nilisema. Alikata marefu, yaliyo mazuri kuliko yote, akayafunga kwa kipande cha kitenge. Mbegu za umuruku nilijichumia mwenyewe mbele ya macho yake, nikajaza mifuko ya koti. Hakunizuia. Sikumwambia asante.

Upenyo nimeuziba kwa miyenzi, na umuruku sasa uko pande zote mbili. Fuko wamekwenda wapi sijui. Jirani bado ananisalimia, nami namjibu, kwa sababu ya ule uji. Viazi vimerudi, vyekundu vilevile, vitamu vilevile. Zamani nikivichemsha, aliyenijia moyoni ni mama peke yake. Sasa wanakuja wawili, yeye na jirani, na huyu wa pili sijui nimtoeje.