Shimo la Wasirikwa

Chuma kilikwaruza mawe nyuma ya ua, huko Kimumu ninakoishi sasa, na kabla sijaliona tingatinga nikajua kuna shimo la Wasirikwa linafukiwa. Kwa kumbukumbu nikajikuta tena mtoto, alasiri moja, jikoni kwa nyanya, kwenye moshi na harufu ya mursik, maziwa yetu ya mgando.

Shamba letu nalo lilikuwa na shimo kama hilo, bakuli pana la nyasi lililozungukwa na mawe. Nilicheza humo kila siku. Alasiri hiyo Baba alitaka kulisawazisha apande mahindi.

"Mama, hao Wasirikwa walizika watu hapo?" alimuuliza nyanya. "Kama ni makaburi, siligusi."

"Sijui."

"Walikuwa watu gani basi?"

"Walifuga. Wazee wetu walikuta wameshaenda. Hata hilo jina, sijui kama walijiita hivyo."

Baba akacheka. "Sema chochote tu. Nani atakupinga?"

"Wao. Nitakutana nao kabla yako."

Nikamvuta nyanya leso. "Kogo, sema ni makaburi!"

Akaniondoa mkono polepole. Nilimchukia. Nilidhani anajua, ananinyima tu. Sasa nimesoma kila nilichopata juu ya watu hao: vigae, mifupa ya ng'ombe, mawe. Yaliyobaki ni kubahatisha, na wanaobahatisha huandika kwa uhakika ambao nyanya hakuwa nao.

Baba alimaliza chai, lakini hakuinuka. Hata mimi niliona kwamba anangoja neno la nyanya. Nyanya alisukuma kuni motoni. Basi Baba akachukua sururu, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.