Shule ya Kushusha Bendera

Mimi na Bernadette tulianza kwa ugomvi, na ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya ubao. Nilifundisha darasa la sita asubuhi katika shule yetu ya mtaa wa Saio. Mchana, watoto wangu wakishatoka, chumba kilekile kilichukuliwa na watoto wake. Shule yao ilikuwa ya milimani, juu ya Kpandroma. Vita viliifukuza huko pamoja na wazazi, wanafunzi na walimu, ikaja Bunia kuomba hifadhi, nasi tukawaachia madarasa yetu kuanzia mchana hadi jioni. Mimi ni mtu wa Butembo, nimelelewa dukani, na changu ni changu. Niliandika juu ya ubao kwa herufi kubwa kwamba somo langu lisifutwe. Kesho yake nililikuta somo lipo lote, na pembeni, kwa chaki yangu mwenyewe, ameniandikia: "Mwalimu Vahwere, nafasi uliyoniachia inatosha tarehe tu."

Nilicheka, ingawa sikutaka. Tangu siku hiyo nikawa namwachia nusu ya ubao, na baadaye kiti, na baadaye chai kwenye chupa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wanasema. Huyu jembe alikuja nalo mwenyewe. Alifundisha kwa bidii ya kunikera. Mumewe Elysée alikuwa akifanya biashara Ariwara na alionekana nyumbani siku za sikukuu. Baba yake Bernadette alikuwa mfugaji kule milimani, na ng'ombe wote walipotea katika vurugu. Bernadette hakupenda kuyasimulia hayo. Alichopenda kusimulia ni shule: kuta zake za matofali, upepo wake, na mlingoti wa bendera ambao wazazi waliuchagua wenyewe msituni.

Sasa niseme juu ya bendera, maana bila hiyo hamtaelewa lolote. Asubuhi sisi wa Saio tulikuwa tukiipandisha, watoto wamepanga mistari, wimbo wa taifa unaimbwa, hata wapita njia barabarani wanasimama hadi ifike juu. Ndiyo desturi kwetu, mwenye pikipiki asiyesimama anatukanwa. Wenzetu wa mchana walipofika walikuta imeshapanda. Kazi yao ilikuwa kuishusha jioni na kuikunja. Kwa hiyo kulikuwa na watoto walioanza darasa la kwanza hapa Bunia na wakakua bila kupandisha bendera hata mara moja. Direkta wao, yaani mkuu wa shule, mzee Adolphe, alikuwa akisimama nao pale chini ya mlingoti wetu na kuwaambia maneno yaleyale kila jioni:

"Kushusha tunajua. Kupandisha, tutajifunzia kwetu."

Watoto waliitikia, "Kwetu!" na kukimbia nyumbani. Nilikuwa nasikia nikiwa nasahihisha madaftari, na nakiri ilinigusa kila mara.

Mzee Adolphe alikuwa amechoka. Miguu ilimvimba, na umri wa kustaafu ulishampita. Hakutaka kuondoka kabla ya kupata wa kumrithi, kwa kuwa aliogopa akiondoka wakubwa wa shule za kanisa watamleta mtu asiyeijua Kpandroma, mtu ambaye ataiacha shule ife polepole. Alimtaka Bernadette. Lakini siku hizi mkuu wa shule anatakiwa awe na shahada ya juu ya usimamizi wa shule, na Bernadette alikuwa na ile ya ualimu tu.

"Shule haiko manyumba, mutoto wangu," mzee alimwambia siku moja mbele yangu, kwa Kiswahili chetu cha huku, ambacho "ndiye" ni "njo". "Shule ni jina. Jina ikikufa hapa Bunia, hakuna kitu itarudia kule kwetu. Weye njo utairudisha. Enda usome."

Akaenda. Asubuhi alikaa chuoni na vijana waliomwita mama, mchana akaja kufundisha, na vumbi la njiani bado liko kwenye viatu. Alisoma jinsi ya kupanga ratiba, kuongoza walimu, kukutana na wazazi. Nilimtania kwamba atakuwa direkta wa kwanza kuhitaji kitabu ili amgombeze mwalimu mvivu. Alinijibu kwamba mimi ndiye sura ya pili ya kitabu hicho.

Memuari yake, yaani ile kazi ya utafiti ya kumaliza masomo, aliifanya juu ya kitu alichokijua: shule mbili zinazoishi katika kiwanja kimoja. Alituhoji sote. Aliandika jinsi madawati yanavyogombaniwa, jinsi mtoto anayeingia darasani mchana anavyosinzia, na jinsi shule ya wakimbizi inavyozishika pamoja familia zilizotawanyika. Mwishoni aliandika kwamba shule ya Kpandroma ilindiwe jina lake hadi amani irudi, kisha isaidiwe kurudi kwao. Alifurahi sana siku aliyoweka nukta ya mwisho. Alinunua chapati za walimu wote, wa asubuhi na wa mchana.

Profesa Sébastien, aliyekuwa akimwongoza, alizirudisha kurasa za mwisho.

"Madame, hii haiko scientifique," alimwambia. "Hii ni maombi ya kanisa. Amani itarudi lini, weye unajua? Wakubwa wafanye nini leo? Shule mbili mu kiwanja moja: unganisha, weka direkta moja, basi. Andika vile, nitie saini."

Bila saini yake hakuna kutetea kazi, na bila kutetea hakuna shahada. Watu hawa na scientifique yao, huo usayansi wao! Mtu hajawahi kukaa jioni moja na wale watoto, lakini anajua dawa yao. Bernadette alikuja kutusimulia. Tulikuwa watatu darasani: yeye, mimi na mzee Adolphe.

"Muzee, siwezi kuandika vile," alisema. "Ni kuua shule na mukono yangu mwenyewe."

Mzee alicheka hadi akashika kiuno. Nami nilicheka, maana sote twajua mambo ya memuari. Lazima iishie kwa mapendekezo: kwa serikali tunapendekeza hili, kwa viongozi wa shule lile, kwa wazazi lile. Ni kama amina mwisho wa sala. Kazi zimejaa kwenye makabati ya chuo, mende wanakula mapendekezo, na hakuna mkubwa aliyewahi kupendekezewa kitu akakifanya.

"Andika tu, mutoto wangu," mzee akasema. "Ma-suggestions ya memuari, nani anasomaka ile? Ata profesa anaangaliaka tu kama iko. Upate diplome, uchukue shule. Kisha utafanya yenye uko nayo mu roho."

Bernadette alizikusanya kurasa zake akaenda nazo nyumbani. Halafu aliandika.

Siku ya kutetea ilikuwa sikukuu. Alisimama mbele ya maprofesa watatu akiwa amevaa kitenge kipya alicholetewa na Elysée kutoka Ariwara, akajibu kila swali. Walipotangaza kwamba amefaulu, ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Mzee Adolphe alikuwa ameficha kopo la poda ndani ya koti. Alimmwagia kichwani kama tufanyavyo kwa kila aliyeshinda mtihani, nywele, kitenge na nyusi vikawa vyeupe, na machozi yake yakachora mistari miwili kwenye poda. "Mutoto wangu," mzee alikuwa akirudia, "mutoto wangu!" Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kama ile.

Na mzee, katika furaha hiyo, alikuwa amemwalika mkubwa wa ofisi ya shule za kanisa. Alimfuata mwenyewe hadi ofisini kwake kwa miguu ile iliyovimba, akamsihi aje amwone mrithi. Mkubwa alikuja, akasikiliza mpaka mwisho, wakati sisi wengine tulikuwa tukiziangalia soda. Kisha akaomba nakala ya kazi. Mzee Adolphe akampa ya kwake, kwa mikono miwili.

Nadhani mnaona linalokuja. Sisi hatukuliona.

Uamuzi wa ofisi ile ulifika kwa barua mwaka wa shule ulipokaribia kwisha. Ulisifu utafiti wa Madame Bernadette. Ulisema kwamba, kulingana na mapendekezo yake, kuanzia Septemba shule mbili za Saio zitakuwa moja. Jina litakaa la wenyeji. La Kpandroma linafutwa. Direkta wetu alihamishiwa kwingine, na mkuu wa shule hiyo kubwa akatajwa kuwa Bernadette. Watu walikuja kumpa mkono. Alinyoosha mkono wake kwa kila mtu, macho yakiwa kwenye ile barua.

Alikimbilia ofisini siku hiyohiyo, nami nikamsindikiza. Alimweleza mkubwa kwamba yale hayakuwa mawazo yake.

"Madame, si weye njo uliandika?" mkubwa aliuliza. Hakuwa mtu mbaya, nasema ukweli. Alishangaa tu.

"Ilikuwa ya memuari tu, Muzee."

"Sasa memuari ni ya nini?"

Bernadette aliinuka, akaaga. Mimi nami, mwenye mdomo, niliinuka nikamfuata. Tulirudi kwa miguu, na njiani alisema mara moja tu, "Niliua." Nilimwambia aache maneno hayo, lakini maji yaliyomwagika hayazoleki na yeye alilijua hilo kuliko mimi.

Alikwenda kwa mzee Adolphe kuomba msamaha. Mzee alimkaribisha, akamwekea kiti, akamletea chai. "Haiko weye," alimwambia. "Mimi njo nilikutuma uandike, na mimi njo nilimuita ule mukubwa." Hakumkasirikia hata kidogo. Ila wakati wa kumsindikiza mlangoni alimwita Madame Direkta. Bernadette alinisimulia hilo akilia waziwazi, kama mtoto aliyefukuzwa nyumbani. Jioni ya mwisho ya mwaka wa shule watoto walishusha bendera bila mzee, na hakuna aliyesema yale maneno. Mzee hakukanyaga tena kiwanja chetu.

Septemba ilifika. Watoto wote walipanga mistari asubuhi, wa Saio na wa milimani, na Bernadette akasimama mbele yao. Alitaka walau kitu kimoja kiwe kizuri. Alimwita Chancelle, msichana wa darasa la sita aliyekuwa hodari wa kukunja bendera jioni, aje awe wa kwanza kati ya wenzake kuipandisha.

Chancelle alifunga bendera kwenye kamba vizuri, akaishika, akasimama. Tulingoja. Wapita njia walikuwa wameshasimama barabarani.

"Vuta, mutoto," Bernadette alimwambia kwa upole.

"Madame," Chancelle aliuliza, na sauti yake ilisikika hadi mstari wa nyuma, "si Muzee Direkta alisemaka kupandisha tutajifunzia kwetu? Njo kusema haturudi tena?"

Bernadette alimshika bega, akamrudisha kwenye mstari, akaichukua kamba yeye mwenyewe. Wimbo ukaanza. Alivuta polepole mno, kiganja kwa kiganja, nikadhani kamba imekwama kwenye gurudumu la juu ya mlingoti. Nikafuata macho yake. Hayakuwa kwenye bendera. Kule nje ya uzio, kati ya wauza ndizi na watu wa pikipiki waliosimamishwa na wimbo, alikuwepo mzee Adolphe, kofia mkononi, amesimama wima juu ya miguu yake mibovu kama mpita njia yeyote.

Wimbo uliisha na bendera bado iko katikati. Watoto walianza kuangaliana. Bernadette aliendelea kuvuta kidogokidogo, na mzee aliendelea kusimama, kwa sababu ndiyo desturi kwetu, mtu haondoki kabla haijafika juu.

Ikafika. Mzee alivaa kofia yake akashika njia ya nyumbani, na Direkta akawaambia watoto waingie darasani.