Kigoda cha Miguu

Mtaani walimwita Mama Chupa, na jina lilimkaa. Ukimaliza maji yako ukaitupa chupa mbele yake, hukuitupa, umempa. Alipoolewa aliingizwa katika vyumba viwili vyenye kitanda, jiko na kiti kimoja cha mbao, na kiti hicho kilikuwa cha mume. Mume alikuwa dereva wa lori, mkono wa birika wa kupigiwa mfano. Alipoombwa anunue viti vya wageni, alijibu kwamba mgeni akikosa pa kukaa hakawii kuondoka.

Basi mke akajitengenezea. Chupa tupu alizipanga kwa duara akazikaza kwa kamba, akazizungushia boksi, juu akaweka kipande cha godoro lililochoka, kisha akavivika vyote suruali za dereva zilizotoboka magoti. Hicho kikawa kiti, kikafuatwa na vingine vitano. Tairi zilizokwisha zikawa meza. Magunia ya unga yakawa mapazia, na mashati yaliyochanika yakakatwa vipande virefu, yakasukwa, yakawa zulia. Vyote alivishona kwa shazia, ile sindano nene ya magunia, na kwa uzi wa nailoni alioununua kwa pesa zake za kusuka watu nywele. Wageni wakaja, wakakaa, wakasifu. Dereva alizipokea sifa kama zake.

Katika vyombo vyote hivyo, kigoda kimoja kidogo ndicho kilichokuwa na siri. Walipata mtoto wa kike, akaishi miezi minne, homa ikamchukua. Siku ya tatu baada ya mazishi dereva alikuwa anaondoka na mzigo, akasimama mlangoni akasema, "Nikirudi nisikute kitu chake humu ndani." Tusimwonee, huenda naye alikuwa na uchungu wake. Lakini alisema kama anayeagiza gunia lisogezwe lisimzibie njia.

Aliporudi hakukuta hata soksi. Alikuta kigoda kipya mbele ya kiti chake. Akakaa, akapandisha miguu, akasema, "Hiki umekipatia." Nguo zote za mtoto zilikuwa humo, zimeshindiliwa na kushonewa. Kwa miaka kumi na moja mama yake alitazama miguu ile ikipumzika juu ya nguo zile, akameza machungu yake, maana kusema kungekuwa sawa na kuzitupa. Mtoto mwingine hakupatikana.

Mwisho dereva akapata mke mwingine, huko mzigo unakoshushwa, naye akamzalia mwana. Talaka ikatoka. Siku ya kugawana vyombo alikuja kaka mkubwa wa dereva, karani mstaafu, mtu wa kuongea huku anagonga meza kwa kalamu. Upande wa mke alikuja shangazi yake.

"Tusizunguke," karani akasema. "Kila mtu achukue alichonunua. Hapo hakuna wa kulalamika."

"Mimi nataka kile kigoda tu, shemeji," mke akasema. "Vingine vyote mpe yeye."

Dereva alikuwa amekaa kwenye kiti chake, miguu juu ya kigoda. Hakuishusha.

"Hiki miguu yangu imekizoea. Halafu tuseme ukweli. Tairi ni za gari ninaloendesha mimi. Suruali zangu, mashati yangu, unga nilinunua mimi, hata magunia yake. Yeye kanunua nini humu?"

"Na mikono yake je?" shangazi akauliza. "Mikono umenunua wewe?"

"Shangazi, mikono haina risiti," karani akasema, na akajichekea mwenyewe.

Maneno mawili tu kuhusu kilichomo ndani yangetosha. Lakini kumpigia magoti mtu yule, amwombe nguo alizomwamuru azitupe, hilo lilimshinda. Akasema, "Uzi nilinunua mimi."

Karani akamgeukia mdogo wake. "Kweli?"

"Kweli. Achukue uzi wake aende nao," dereva akasema, meno nje.

Mke akaenda jikoni, akarudi na wembe. Akakaa chini, akavuta kiti cha kwanza, akaanza kufumua.

Mwanzoni dereva aliona mchezo. "Usisahau na wa mapazia," akamwambia. Akafumua na wa mapazia, yakarudi kuwa magunia. Suruali zikatoka moja moja, magoti yametoboka vilevile. Chupa zikabingiria mpaka miguuni kwa karani, naye akazisogeza kwa ncha ya kiatu. Zulia lilimchukua muda mrefu kuliko vyote. Kila mshono aliujua, huu wa mwaka gani, ule wa baada ya ugomvi gani, na kila alipoukata aliumia, kwa sababu nyumba aliyokuwa anaibomoa ilikuwa yake, nyingine hakuwa nayo. Nyuzi zilizokatika hazifai hata kufungia mfuko, lakini alizikusanya zote kwenye begi.

"Basi, shemeji," karani akasema, saa saba ilipopita. "Tumekuelewa."

"Bado kimoja." Akasogea mbele ya kiti cha mbao. "Inua miguu."

Dereva aliinua, pengine kwa kushangaa tu. Mke akakata mshono wa juu taratibu kuliko yote aliyokata siku ile. Zikatoka shuka ndogo, kofia, soksi zilizofungwa pamoja, na chini kabisa sweta la njano lenye vifungo viwili. Sweta hilo dereva alilinunua mwenyewe bila kuombwa, kubwa kupita kiasi, ili mtoto akue nalo. Alilitambua. Uso ulimbadilika.

"Nilisema vitupwe," akasema.

"Ulisema."

Karani aliacha kugonga kalamu. Kwa sheria aliyoiweka, sweta lilikuwa la mdogo wake, pamoja na soksi na kofia. Mke naye alilijua hilo, akaweka mikono juu ya nguo zile akangoja dereva alitamke. Alingoja kweli. Dereva hakutamka kitu.

"Twende, mwanangu," shangazi akasema.

Akazikunja moja moja, akazitia kwenye begi juu ya nyuzi, akatoka bila kuaga. Dereva akabaki kwenye kiti chake cha mbao, katikati ya chupa na suruali kuukuu. Baada ya muda alinyoosha miguu kwa mazoea. Haikukuta kitu, akairudisha chini ya kiti.