Lita Nane za Lazhar

Lazhar hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mropokaji tu, na ulimi hauna mfupa.

Mwaka ule alitandaza mipira ya kumwagilia mizeituni yake, matunda yakanenepa mpaka kiburi kikamwingia. Akayapeleka kwa Khmais, rafiki yake wa utotoni mwenye kinu cha kukamulia mafuta. Kila kilo mia ikatoa lita kumi na saba. Jirani yake, anayetegemea mvua, alikamulia kwenye kinu kingine akapata ishirini na tano.

Lazhar akarudi mbio kwa Khmais. "Lita zangu nane ziko wapi, mwizi we?" alifoka, na wakulima waliokaa juu ya magunia wakingoja zamu wote walisikia.

"Mimi, Lazhar? Mbele za watu?"

"Hesabu ndiyo inayokutaja!"

Jioni Rafika, binti wa Lazhar na karani wa ushirika wa wakulima, alisikiliza majigambo yake kisha akaguna.

"Baba, umempima punda kwa farasi. Zeituni zetu zimejaa maji, za jirani ni kavu. Ukitaka kujua kama umepunjwa, tafuta wanaofanana nawe: wanaomwagilia, waliovuna mwezi huu. Tena wawe wengi, maana mmoja huenda amebahatika tu. Uone wengi wao wameangukia wapi, ndipo ujipime."

"Haya, waulize basi!"

Akapiga simu huku na huku. Kumi na sita, kumi na nane, kumi na saba, kumi na saba tena.

"Tuko katikati yao, Baba. Ami Khmais hajakugusa hata tone."

Lazhar aliweka mkate chini. Aibu ilimpanda hadi masikioni, akatamani ardhi ipasuke immeze. Khmais ndiye aliyetangulia kubeba jeneza la mama wa Lazhar. Na kwa aibu hiyohiyo alishindwa kwenda kesho yake, na keshokutwa. Kila asubuhi alijitafutia kisingizio, leo mpira umetoboka, leo mgongo unauma.

Hatimaye alijikaza akaenda siku ya soko, saa ambayo ua wa kinu hufurika, ili aombe radhi palepale alipomtukania. Mashine ilikuwa imezimwa, ingawa msimu wa kukamua ulikuwa haujaisha. Khmais alikuwa amekaa peke yake kizingitini.

"Nimekuja kukuomba radhi, ndugu yangu," Lazhar alisema. "Mbele za watu."

Khmais aliutazama ua uliokuwa mtupu, hauna hata gunia moja.

"Watu gani, Lazhar?"