Pikipiki ya Krimu ya Molo

Mkiniona nacheka peke yangu msidhani nina wazimu. Nakumbuka ile pikipiki iliyotufukuza shambani.

Ilikuwa wakati wa Emajensi, siku zile za Mau Mau, na mtu bila kazi hakuwa na pa kusimama. Mume wangu Wasike alikuwa akipeleka krimu ya mzungu mmoja hapo Molo hadi stesheni, madebe yamefungwa nyuma. Baada ya mvua, ile kitu ikaanza ujinga. Inakimbia kidogo, inakohoa, inazima. Ikipumzika, inawaka kama haijafanya neno. Ilizima sana hadi fisi wa Sachangwan, huko njiani, wakawa wanamsalimia kwa jina. Krimu ikachacha, na mzungu akasema, "Ukikosa treni tena, toka kwangu na watoto wako."

Wasike akabadilisha plagi. Akaosha kabureta mpaka ikang'aa kushinda sufuria zangu. Wapi! Halafu siku moja ikazima, akafungua kifuniko cha tangi aone kama petroli imeisha. Tangi ikavuta hewa, fyuuu! Akapiga teke, ikawaka. Ilipozima tena, hakukifungua. Akapiga teke hadi mguu ukavimba, bure. Akafungua: fyuuu, ikawaka. Ndipo akageuza kile kifuniko. Katundu ka kupitisha hewa kalikuwa kamezibwa na nta, na bila hewa petroli haishuki.

Lakini treni ilikuwa imekwenda.

Akarudi, akamwonyesha Kiplangat, mkamuaji wa ng'ombe, jirani yetu. Kiplangat akacheka kwa raha.

"Ni mimi, rafiki! Niliona petroli inarukia suruali yako, nikaziba vile tunaziba kibuyu kikitoboka. Siku hizi si uko mkavu?"

"Mkavu kabisa," Wasike akasema.

Mzungu akaja, akaishika ile nta. "Nani aliweka hii?"

Wasike akamtazama Kiplangat. Kiplangat akatazama kwato za ng'ombe, kama ndiyo mara ya kwanza kuziona.

"Sijui, Bwana," Wasike akasema. Nilitaka kumng'ata.

Asubuhi tukatoka na magodoro kichwani. Kiplangat alikuwa langoni na kibuyu cha maziwa lala. "Mama Dalmas, ni ya watoto." Kibuyu kilikuwa na ufa, na ufa umezibwa kwa nta, hakuna tone linalovuja. Nilikichukua kwa sababu ya njaa. Asante sikusema, na sijasema mpaka leo.

Watoto walikuwa wanakunywa kando ya barabara pikipiki ilipotupita na dereva mpya. Haikukohoa hata kidogo.