Mistari Yangu ya Mpunga Pale Hewani

Jamani, chekeni tu, maana mpaka leo nikipita kando ya mto kule kijijini Hewani kuna wanawake wananiuliza kama nina miche ya kuwagawia, na mimi najifanya sisikii.

Ilikuwa miaka ile ya hamsini, mkoloni bado yupo, nami nimeolewa juzi tu. Mama mkwe wangu alimwaga mbegu za mpunga kwa mkono, zikaota popote zilipoangukia. Mimi nilikuwa nimemwona bwana shamba huko Garsen akiotesha miche kitaluni kisha akiipandikiza kwa mistari, basi kichwa kikavimba, nikamwomba mama mkwe nusu ya shamba nijaribu.

"Chukua," akasema. "Ukishindwa utamwaga kama mimi, na habari za mistari zife. Huko sikanyagi mpaka siku ya kuvuna."

Sasa, badala ya kuweka kitalu karibu na nyumba nikichotee maji, nikakiweka bondeni kwenye tope (uvivu, nakiri), mahali ambapo mpunga mwitu hujiotea wenyewe kila mwaka. Mto ukafurika kidogo, ukarudi. Kumbe ulizoa mbegu zangu zote! Mimi nikaona kijani kimechomoza, nikashangilia, nikapandikiza kwa kufuata kamba, mistari ikanyooka mpaka majirani wakaja kutazama na kuomba miche iliyobaki, nikawagawia kwa mikono miwili. Mmoja akauliza, "Habona, mbona shina jekundu?" Nikamjibu, "Ndiyo afya hiyo, dada."

Siku ya kuvuna nikawaita wote. Nikashika suke la kwanza, punje zikapukutika majini. La pili, vivyo hivyo. Kikapu kitupu, natamani tope linimeze.

Mama mkwe akasogea, akalitazama suke. "Habona mwanangu, huu ni mpunga mwitu. Sisi huung'oa. Wewe umeupandikiza."

Wale niliowagawia miche wakatazamana, kisha wakatimua mbio kila mmoja shambani kwake.

Mwaka ule tulikula mpunga wa mama mkwe, ule wa kumwaga. Lakini kushindwa na mafuriko si kushindwa na kilimo! Msimu uliofuata nikaomba tena, nikalia, nikaomba, akanipa kipande kidogo. Kitalu nikakiweka mlangoni, na mistari ile ilizaa, nikajaza vikapu.

Kwenye kumwaga sikurudi. Ila niliapa sipandikizi kabla sijamwonyesha mama mkwe mche mmoja, na kila msimu aliugeuzageuza polepole, kisha akanitazama mimi muda mrefu kuliko alivyoutazama mche.